Hatari Arobaini na Moja za Bwana Dombek

Kwa furaha isiyo na mipaka, na kwa idhini ya Bodi ya Kaunti ya Pennock, umma ulitangaziwa kwamba mwaka ule Ofisi ya Mhazini ilikuwa imevunja rekodi. Tulifanikiwa kuwanyang'anya wananchi viwanja mia tatu na kumi na viwili, ukilinganisha na mia mbili na themanini vya mwaka uliotangulia. Tangazo hilo niliandika mwenyewe. Mwanasheria wa kaunti alifuta neno "kuwanyang'anya" akaweka "kuvipokea kutoka kwa", nami nikaridhia, kwa sababu mimi ni mtu wa kushirikiana.

Jina langu ni Leonard Dombek. Kwa miaka ishirini na sita nilikuwa Naibu Mhazini, Kitengo cha Mnada na Tahadhari. Kitengo kilikuwa na watu wawili, mimi na karani wangu Marnie, lakini kilikuwa na mihuri minne. Kazi yetu haikuwa ngumu kuieleza. Mtu asipolipa kodi ya nyumba yake kwa miaka mitatu, kaunti inaichukua, inaipiga mnada, inajilipa. Anayenunua ananunua kama ilivyo. Haruhusiwi kuingia ndani kabla ya mnada, haruhusiwi kuchungulia dirishani, haruhusiwi hata kukanyaga ngazi. Anasimama barabarani, anaitazama nyumba kama bwana harusi wa zamani aliyeonyeshwa mchumba kwa mbali, kisha anatoa fedha.

Sasa binadamu ni binadamu. Watu walinunua nyumba wakakuta zimejaa paka. Walinunua nyumba wakakuta ni ukuta wa mbele tu uliosimama, wa nyuma uliungua zamani. Bwana mmoja kutoka Ohio alinunua kiwanja chenye mandhari ya ziwa, akaja akakuta kiwanja chenyewe ndicho ziwa. Wote hao walikuja kulia dirishani kwangu. Ndipo nikaandika kijitabu, *Fahamu Hatari Kabla ya Kunyanyua Mkono*, kurasa thelathini, hatari arobaini na moja, kila moja na namba yake. Tangu hapo mtu akija kulia sikubishana naye. Nilimuuliza tu kwa upole, "Umesoma namba kumi na saba?" Akisema hajasoma, nilimpa kijitabu. Akisema amesoma, nilimuuliza mbona basi analia. Tulipokea malalamiko mia na manne kwa mwaka na hakuna hata moja lililofaulu, jambo linaloonyesha ubora wa huduma zetu.

Nalisema hili ili ieleweke kwamba nilikuwa mtaalamu.

Katika viwanja vile mia tatu na kumi na viwili kulikuwa na Kiwanja 0418, Barabara ya Nane, jengo moja la makazi. Kwa lugha ya mtaani ilikuwa nyumba ya Bi Arvilla Teske. Alikuwa mjane wa miaka sabini na sita, na kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amepika katika shule yetu ya msingi. Nyumba ilikuwa nyeupe, ya ghorofa moja, imezungukwa na mashamba ya bitiruti za sukari pande tatu. Mumewe, Norbert, alifariki, na tangu hapo kodi ya 0418 haikulipwa.

Taratibu zote zilifuatwa. Kwanza tulituma barua ya rejista kwa mwenye mali aliyeandikwa daftarini, yaani marehemu Norbert. Posta walikataa kumpa mkewe kwa sababu barua ya rejista husainiwa na mwenyewe, wakasubiri Norbert apite kuichukua. Hakupita. Pili, tulibandika ilani kwenye mlango wa mbele na kuipiga picha. Hapa sharti niseme kwamba Pennock hakuna mtu anayetumia mlango wa mbele. Sisi huingia kwa mlango wa jikoni. Mlango wa mbele ni wa jeneza, na wa watu wanaokuja kukuuzia dini. Ilani ya Bi Arvilla ilikaa pale misimu miwili ya baridi mpaka ikawa nyeupe kama ukuta, lakini katika faili letu picha yake imetoka vizuri sana. Tatu, tulitangaza gazetini, ukurasa wa kumi na moja, kati ya matairi na vifaranga vya kuku.

Mwisho wa kulipa deni na kukomboa nyumba ulikuwa tarehe thelathini na moja Machi. Bi Arvilla alijua habari hizo mwezi Julai, mpwa wake Rodney, fundi wa matrekta, alipokuwa akitafuta matairi gazetini. Alikuja dirishani kwangu siku hiyo hiyo, amevaa koti la kanisani, ameshika kitabu cha hundi.

"Leonard mwanangu, naambiwa nadaiwa. Niambie kiasi gani nikulipe, maana nimeacha supu jikoni."

"Hudaiwi hata senti, Bi Arvilla."

"Alhamdu! Rodney huyu kwa kunitia presha!"

"Tangu tarehe moja Aprili deni si lako tena," nikamfafanulia. "Kwa sababu nyumba nayo si yako tena. Mtu hawezi kulipa deni la nyumba isiyo yake. Ingekuwa vurugu."

Akanitazama. Alikuwa na namna ya kumtazama mtoto aliyejaribu kupanga foleni mara mbili.

"Nyumba si yangu?"

"Ni ya kaunti, kwa muda. Itapigwa mnada mwezi wa nane."

"Na mimi nitakaa wapi?"

Swali hilo halikuwa la kitengo chetu. Nilimpa kijitabu. Alikishika kwa mikono miwili, akasema polepole, "Viazi vyako nilikuwa nakuongezea, Leonard. Kila siku. Mama yako aliniambia unakonda." Kisha akaenda zake. Marnie akaacha kuandika, akanitazama, nami nikamwambia aendelee kuandika.

Wazo la kununua lilinijia baadaye, nilipokuwa nikipitia picha. Watu wa Detroit wanaokuja kuwinda paa hulipa hata dola elfu sabini kwa nyumba kama ile. Bei ya kuanzia ilikuwa elfu nne, mia nane na sabini. Kwa sheria, mfanyakazi wa kaunti haruhusiwi kununua mnadani. Ni sheria nzuri na nimeitetea hadharani mara nyingi. Ndiyo maana nilistaafu Ijumaa, ili ninunue Jumanne.

Hoja yangu ilikuwa hii: wanunuzi huumia kwa kutozijua hatari. Mimi hatari nimeziandika kwa mkono wangu. Basi hatari hizo kwangu ni kama watoto, na mtoto hampigi babake.

Mke wangu, Darla, hana mafunzo ya utawala.

"Nyumba ipi hiyo?" aliuliza.

"0418."

"Usinitajie namba, bwana wee. Nyumba ya nani?"

"Ya kaunti."

"Na kabla ya kaunti?"

Nikajishughulisha na kufunga kamba za viatu.

"Ya Arvilla!" akapiga makofi. "Leonard, umelogwa? Yule bibi kakulisha wewe! Utamtoa nje, kisha Ijumaa tukila samaki wa kukaanga kanisani utakaa meza gani?"

"Asiponunua mumeo atanunua mtu baki."

"Afadhali huyo baki! Baki haoni haya."

Nilimweleza kwamba haya haimo katika orodha ya hatari. Akaniambia niandike ya arobaini na mbili.

Mnada ulifanyika katika ukumbi wa askari wastaafu. Nilikaa safu ya kwanza, kibao changu namba saba mkononi, nikiwa raia wa kawaida, ingawa niliwasahihisha wahudumu mara mbili kuhusu mpangilio wa viti. Dalali alikuwa Duane Fenner, ambaye siku nyingine huuza ng'ombe na huuza nyumba kwa kasi ile ile.

Viwanja vilikwenda vizuri. Kinamasi kiliuzwa. Kipande cha ardhi cha upana wa futi moja na urefu wa futi mia mbili kiligombewa na watu watatu. Kisha Duane akasema, "Sifuri nne kumi na nane, Barabara ya Nane," na sauti yake ikapungua.

Ukumbi mzima ukaingiza mikono mifukoni.

Wageni hawawezi kuelewa, kwa hiyo nitaeleza. Ni desturi ya mababu zetu, wa ile miaka ya njaa ambapo mabenki yalikuwa yakiuza mashamba ya watu. Shamba la jirani likipigwa mnada, hununui. Unasimama, unaingiza mikono mifukoni mpaka viwiko, na unamwachia mwenyewe alichukue kwa bei ya chini kabisa. Haijaandikwa popote. Kama Naibu Mhazini nilikuwa nimeitolea waraka kwamba ofisi haitambui mifuko. Siku ile, mbele yangu na nyuma yangu, watu mia mbili walisimama na mikono imezama. Nakiri kwamba moyo wangu ulijaa fahari. Nilidhani wamesoma kijitabu.

Mkono mmoja tu ndio uliokuwa nje, wa Rodney. Kanisa lilikuwa limemchangia.

"Elfu nne, mia nane sabini," akasema Rodney.

"Elfu tano," nikasema mimi.

Duane alinisikia, lakini alitazama dari. "Nimesikia upepo?"

"Elfu tano, kibao namba saba," nikarudia, na nikakinyanyua kibao ili kumbukumbu ziwe sahihi.

"Elfu tano mia mbili," akasema Rodney. Shingo yake ilikuwa imekuwa nyekundu.

"Mia nane."

"Elfu sita."

"Elfu sita na mia mbili."

Rodney akageuka nyuma. Mzee mmoja akatoa mkono mfukoni, akampa noti. Mwingine naye. Wakahesabu pale pale, Duane akisubiri kinyume cha kanuni namba sita. "Sita, mia tatu na hamsini," akasema Rodney.

"Sita mia nne."

Nyuma yangu mwanamke mmoja akasema, bila hasira, kama mtu anayemkumbusha mwenziwe kufunga zipu: "Leonard. Ingiza mkono mfukoni."

Sikuingiza. Duane akaigonga nyundo yake kwa nguvu ambayo sikuwahi kuiona akiitumia hata kwa ng'ombe. Nilikuwa nimenunua. Nilipogeuka kupokea pongezi, ukumbi ulikuwa umebaki viti.

Wiki mbili baadaye nilikwenda kwenye mali yangu nikiwa na hati, kipimio cha futi, na barua ya heshima ya kumpa Bi Arvilla siku kumi na nne. Kama mmiliki, niliona si sawa kuingia kwa nyuma kama jirani. Nikapanda ngazi za mbele. Ya pili ilivunjika, mguu ukazama mpaka gotini. Nikauchomoa, nikabisha. Nikabisha tena. Mlango ulikuwa umevimba kwa unyevu, labda haujafunguliwa tangu jeneza la Norbert.

"Nani huyo anabisha mbele?" ikatoka sauti ndani. "Dini tunayo!"

"Ni mimi, Leonard Dombek!"

"Basi zunguka nyuma kama watu, mwanangu! Huo haufunguki!"

Nikazunguka nyuma kama watu. Jikoni palinukia mdalasini. Bi Arvilla aliitazama suruali yangu, akatikisa kichwa, akanipa kitambaa chenye maji. Kisha akanikatia pai ya tufaha bila kuniuliza, akanimiminia kahawa, akaketi mbele yangu. Nikaweka barua mezani kando ya sahani. Niliisoma kwa sauti, maana macho yake si mazuri. Alisikiliza yote mpaka muhuri.

"Siku kumi na nne," akasema.

"Sheria inaruhusu saba. Nimeongeza."

"Ahsante." Akaikunja barua mara mbili. "Nilizaa watoto watatu humu. Na Norbert alifia chumba kile pale. Nilidhani na mimi zamu yangu itakuwa hapo hapo."

Nilikula pai. Sijui kwa nini naliandika hili, ila nilikula, na ilikuwa tamu, na nilitamani isiwe tamu.

"Lakini nieleze kitu kimoja," akaendelea, akainuka na kutoa bati la biskuti juu ya kabati. "Maana mimi sikusoma sana. Kama sikulipa kodi, hizi ni karatasi za nini?"

Ndani ya bati kulikuwa na stakabadhi. Za mwaka jana, za mwaka juzi, za miaka yote tangu Norbert alipofariki. Zote zilikuwa na mihuri yetu, na mbili zilikuwa na saini yangu. Nilizitazama kwa utaalamu wangu wote. Zilikuwa za Kiwanja 0419.

"Bi Arvilla, 0419 ni nini?"

"Mimi nijue namba wapi? Hapa bili zilikuja mbili kila mwaka. Baba mkwe wangu aliigawa nyumba hii zamani, wanawe walipogombana. Nusu ya Norbert, nusu ya Clem. Clem akaenda zake Arizona, akamwachia Norbert nusu yake, lakini karatasi zikabaki mbili. Norbert alikuwa analipa zote. Alipokufa nikakuletea wewe pale dirishani, mbili. Nikakuuliza, mbona mbili? Ukacheka. Ukaniambia, nyumba moja, bili moja, mama. Hii nyingine ni kompyuta imekosea, wala usihangaike, mfumo utajirekebisha. Ukanirudishia moja, ukanigongea muhuri moja. Mimi nikasema, huyu kijana amesoma."

Sikukumbuka. Dirishani hupita watu wengi na mimi hutazama namba. Lakini saini nilikuwa naijua, ile D yenye mkia mrefu, niliyojifunza makusudi nilipopandishwa cheo. Masikio yaliniwaka moto. Niliona haya, haya ya kitoto, ya kukojoa darasani, na kijitabu changu hakikuwa na ukurasa wa jambo hilo.

Nilimwita mpima ardhi, ambaye alidai dola mia sita na hamsini. Gharama hiyo ilikuwa hatari namba kumi na saba: usiamini ramani ya kompyuta, pima kabla ya kununua. Mimi nilipima baada. Alikuja na kijana wa kushika nguzo, akapitisha uzi mwekundu kutoka shamba moja hadi la pili, na kwa kuwa nyumba ilikuwa katikati, uzi ukapita ndani.

Upande wa 0418, yaani upande wangu, kulikuwa na kibaraza cha mbele na ngazi zake mbovu, mlango usiofunguka, nusu ya sebule, na ngazi za kupanda ghorofani mpaka kidato cha tano. Upande wa 0419, wa Bi Arvilla, usio na deni hata senti, kulikuwa na jiko, choo, kisima, tanuri la kupashia nyumba joto, vyumba vyote vya kulala, na vidato vilivyobaki. Meza ya kulia chakula, iliyokaa mpakani mwa jiko na sebule, iligawanywa katikati. Nilikuwa nimekaa upande wangu, lakini pai ilikuwa upande wake.

"Kwa hiyo," Bi Arvilla akauliza, akiutazama uzi, "sihami?"

"Unaweza kuhitajika kusogeza kiti cha kusomea," akasema mpima ardhi.

Bi Arvilla akakaa chini ghafla, akafunika uso kwa aproni. Tulidhani analia. Mabega yalikuwa yakimcheza. Alipoufunua alikuwa analia kweli, lakini kicheko ndicho kilichokuwa kimetangulia.

Nilichukua hatua stahiki. Nilikwenda kwa mwanasheria, ambaye kwa kuhamisha kiti kimoja na nusu ya meza alitaka dola elfu tatu. Nikakwenda ofisini kwangu, yaani iliyokuwa ofisi yangu, nikapanga foleni dakika hamsini chini ya saa niliyoinunua mwenyewe. Marnie alikuwa amekalia kiti changu. Alikuwa amekishusha.

"Kuna kasoro katika Kiwanja 0418," nikamwambia. "Naomba kurejeshewa fedha."

"Pole, Bwana Dombek. Umesoma namba kumi na saba?"

"Marnie, namba kumi na saba nimeiandika mimi!"

"Sasa mbona unalia?"

"Silii."

"Naona jicho limelowa. Na hii ni bili ya kodi ya kiangazi, mnunuzi mpya hulipa ndani ya siku ishirini na moja. Hatari namba tisa. Na hii ni amri ya manispaa: kibaraza kitengenezwe ndani ya siku thelathini, faini dola ishirini na tano kwa siku. Hiyo ni namba... subiri." Akapekua. "Hiyo haimo. Hongera, umegundua mpya."

Nyuma yangu foleni nzima ilikuwa imesikia. Hakuna aliyecheka. Walikuwa wametazama viatu vyao kwa adabu, na ingekuwa afadhali wangecheka.

Nilitengeneza kibaraza mwenyewe, kwa sababu maseremala wa hapa wote walikuwa na shughuli mpaka mwakani. Theluji ilipoanza nilikwenda kila asubuhi na koleo, maana mwenye mali husafisha njia ya mbele. Wakulima wakipita na malori ya bitiruti walinipigia honi. Njia hiyo hakupita mtu yeyote, ila sheria haiulizi kama inapitwa.

Kufikia Januari nilikuwa nimetumia dola elfu kumi na moja kwa mlango usiofunguka. Darla alikuwa ameacha kugomba, jambo ambalo wanaume waliooa wataelewa uzito wake. Asubuhi moja niliweka koleo chini, nikazunguka nyuma, nikabisha.

"Bi Arvilla, nimekuja kukuuzia upande wangu. Elfu sita na mia nne, nilivyonunua. Matengenezo nakusamehe."

"Kaa, viatu vikauke." Alikuwa akiosha vyombo. "Elfu sita sina."

"Elfu tatu."

"Sina."

"Basi chukua bure! Nitaandika hati leo. Nitailipia mwenyewe gharama za kuisajili."

Akaacha kuosha. Akajifuta mikono kidole kimoja kimoja.

"Bure," akasema. "Nikichukua bure, itakuwa umenipa. Kila Ijumaa kanisani watasema, Leonard alimpa Arvilla nyumba, Leonard ana moyo. Sitaki unipe kitu changu, mwanangu."

"Sasa unataka nifanye nini?"

"Acha kulipa kodi."

Nilidhani sikusikia vizuri. Katika maisha yangu sijawahi kuchelewa kulipa kodi hata kwa siku moja.

"Acha kulipa," akarudia. "Mwaka wa kwanza watakutumia barua. Mwaka wa pili watakuweka gazetini, na mtu akifunga samaki kwa gazeti ataliona jina lako. Mwaka wa tatu kaunti itachukua upande wako, na faini zako, na hivyo vitu vyako vyote vya kisheria vitaoshwa. Kisha Rodney atakwenda ukumbini. Atanunua kwa bei ya chini, mbele ya watu wote, na hakuna atakayepandisha. Hivyo ndivyo nitakavyoichukua. Nimekisoma kile kijitabu chako, ni kizuri, ila maandishi madogo."

"Miaka mitatu, Bi Arvilla! Mimi nilikuwa Naibu Mhazini!"

"Ndiyo. Na mimi nina sabini na sita, wala sina haraka. Theluji utaendelea kuzoa lakini, maana hapo utakuwa bado mwenye mali."

Niliuliza kama kuna rufaa.

"Ipo," akasema, akarudi kwenye beseni. "Nasikiliza mimi. Lakini sasa hivi naosha vyombo."

Nilikaa upande wangu wa meza. Dirishani mashamba yalikuwa meupe mpaka mwisho wa macho. Nilijaribu kukumbuka watu wangapi niliwahi kuwaambia wasubiri, na ni yupi kati yao niliyemtazama usoni, na sikumpata hata mmoja. Sahani zilikuwa zikirundikana upande wa kulia wa beseni, zikichuruzika maji. Nikainuka, nikachukua kitambaa kikavu msumarini.

"Naomba ruhusa," nikasema.

Bi Arvilla hakugeuka. Alisogea kidogo tu, na akaniruhusu kusimama upande wake mpaka sahani zilipokwisha.